Ombwe Mkononi mwa Fundi

Wasomi wa Kiswahili wamelizoea neno ombwe katika maandishi yasiyohusiana kwa vyovyote na gereji: ombwe la uongozi, ombwe la kimaadili, ombwe katika utafiti. Ni nadra kwa anayeliandika kuwahi kulishika ombwe lenyewe. Kisiwani Mombasa, ukingoni mwa Mji wa Kale, pale vichochoro vinapotanuka kiasi cha gari kupita, lipo ombwe la kushikwa mkononi. Hutengenezwa na kifaa chenye umbo la bastola: mpini wa kuminya, silinda fupi, mpira mwembamba, kikombe cha kukingia mafuta, na geji yenye mshale. Mafundi hukiita pampu ya kuvuta.

Kabla ya pampu hiyo, kutoa hewa katika breki kulihitaji watu wawili. Mmoja aliketi garini, mguu juu ya pedali; mwingine alilala chini ya gurudumu, spana mkononi. “Finya!” aliita wa chini. “Shikilia!” Akalegeza parafujo, hewa ikatoka na mafuta, akakaza. “Wata!” Lau aliye juu angewata mapema, yaani kuacha kwa Kimvita, hewa ingerudi ndani na kazi ikaanza upya. Pampu ilimwondoa mtu wa pedali. Fundi huunganisha mpira kwenye parafujo ya gurudumu, huminya mpini, hulegeza, na mafuta hutiririka kikombeni pamoja na mapovu. Hufanya peke yake.

Fundi mmoja wa makamo wa huko alifikwa na msiba wa pampu hiyo mchana wa jua kali, ilhali tuktuk imekwisha kuvuliwa magurudumu. Mshale ulipanda hadi 20, kisha ukashuka kabla hajahesabu kumi. Dereva, ambaye chombo si chake na ambaye jioni hudaiwa hesabu na tajiri, alikuwa na jawabu jepesi. “Bwana fundi, funga hivyo hivyo. Ukikanyaga mara mbili inashika.” Fundi hakumjibu. Kila fundi wa breki anaijua hiyo “mara mbili”: hewa hubanwa, mafuta hayabanwi, mguu wa kwanza hupotea katika kuibana hewa, na abiria hulipia tofauti hiyo.

Akaigeukia pampu. Kwanza aliubana mpira kwa vidole karibu kabisa na silinda, akaminya tena. Mshale ukashuka vile vile. Kwa hiyo tundu halikuwa katika mpira wala kikombe. Lilikuwa tumboni mwa pampu. Parafujo mbili zilifunguka kwa shida, kwani hewa ya chumvi huionea hata pua ya bisibisi. (Si vibaya kukumbuka hapa kwamba bomba na parafujo ni maneno tuliyoachiwa na Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Ngome walinyang’anywa mwaka 1698. Parafujo tumebaki nayo.)

Ndani palikuwa na makosa mawili. Kikombe cha kukingia kiliwahi kuachwa kikafurika, mafuta ya breki yakavutwa hadi kwenye vali ndogo ya mpira, yakashikana na vumbi, na vali haikufunga tena sawasawa. Hilo lilimalizwa kwa spiriti na kitambaa. La pili lilikuwa zito zaidi: mpira wa pistoni ulikuwa umekauka na kupasuka ukingo, na wa kubadilisha haukupatikana. Mpwa wake, aliye mwanagenzi wake pia, akaleta washa ya ngozi ya pampu ya baiskeli, iliyolowekwa mafuta ikalainika. Aliitia, akafunga, akaminya. Mshale haukutikisika.

“Ami, ngozi mbovu.”

“Ngozi haina neno, mwanangu. Hiyo uliizoea kutia upepo. Hapa twatoa. Igeuze.”

Katika maneno hayo machache mna fizikia nzima. Washa ya ngozi ina ukingo kama kikombe, na ukingo huo huziba pale tu unapotanuliwa na hewa yenye nguvu zaidi. Katika pampu ya baiskeli nguvu iko mbele ya pistoni, kuelekea gurudumu. Katika pampu ya ombwe iko nyuma yake, katika hewa tuivutayo puani. Ukingo sharti utazame huko.

Hapa ndipo jina la mafundi, kwa uzuri wake wote, linapodanganya kidogo. Pampu ya kuvuta haivuti. Hupunguza hewa upande mmoja, na hewa ya upande wa pili hufanya kazi ya kusukuma. Mwitaliano Torricelli aliandika mwaka 1644 kwamba binadamu huishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Mombasa iko sakafuni mwa bahari hiyo: uzito wa hewa hapa hutosha kuinua zebaki takriban inchi 30, ilhali Nairobi, palipoinuka, ni kama inchi 24 na nusu. Pampu ile ile, fundi yule yule, haitafika huko juu inakofika pwani. Hata hivyo, yamkini hakuna atakayeanza kuiita pampu ya kusukumiwa, wala haina haja. Lugha imevumilia jua kuchwa na kuchomoza miaka yote hii.

Ngozi ilipogeuzwa, mshale ulipanda hadi 24 ukatua. Fundi aliutazama kwa muda mrefu kuliko dereva alivyotaka. Mapovu ya gurudumu la kwanza yalipokataa kwisha, alipaka grisi kuzunguka shina la parafujo, kwani mara nyingine hewa hupenya penye mikato yake na kumhadaa mtu kwamba breki ingali na upepo. Yakapungua, yakakoma. Akaongeza mafuta mapya katika chupa ya juu, asije akayamaliza na kuvuta hewa nyingine, akahamia gurudumu la pili.

Kabla ya kuirudisha tuktuk chini, alimwita dereva akanyage mwenyewe.

“Mara ngapi?”

“Moja.”