Siku Moja Kisiwani Mombasa: Ngome, Panga na Kahawa

Katika nchi ya Japani iko safari ya siku moja ambayo wageni huipenda sana. Asubuhi huonyeshwa ngome ya kale, kama ile ya Inuyama. Mchana hupelekwa Seki, mji wa wafua panga. Na jioni huketishwa juu ya mikeka wakanywa chai ya kijani kwa taratibu na adabu nyingi. Mtu wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kuvuka bahari ili aone mambo ya namna hiyo. Mombasa iko ngome, chuma kina habari zake ndefu, na badala ya chai iko kahawa. Yampasa tu awe na kiongozi mwenye subira, na asiwe na haraka ya kurudi.

Atokaye bara kwa reli iliyofunguliwa mwaka 2017 hushuka Miritini, kisha huvuka Makupa na kuingia kisiwani. Asubuhi ndio wakati mwema wa kuanza na Ngome ya Yesu, kabla jua halijawa kali na kabla wageni wa merikebu kubwa hawajajaa langoni.

Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia aitwaye Giovanni Battista Cairati. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mahali pengi mwamba wenyewe umechongwa ukawa sehemu ya ukuta. Ina buruji nne, na watu husema kwamba ukiitazama kutoka juu umbo lake lafanana na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini.

Wageni wengi wakishapita lango huenda moja kwa moja kwenye mizinga itazamayo bahari, wakapiga picha, wakaridhika. Afadhali waanze upande wa pili. Buruji mbili kubwa, São Filipe na São Alberto, zaelekea nchi kavu, na upande huo ndiko lilikochimbwa handaki katika mwamba. Aliyeamuru kazi hiyo hakuwaogopa Waturuki wa baharini peke yao. Aliwaogopa wenyeji pia. Naye alikuwa na sababu, kwa maana Wareno walikuwa wamekwisha kuichoma Mombasa mwaka 1505, wakaichoma tena katika vita vya mwaka 1528.

Hofu hiyo ilitimia mwaka 1631. Yusuf bin Hassan alikuwa mwana wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aliuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno, naye akiwa mtoto alipelekwa Goa, Bara Hindi, akalelewa na mapadre, akabatizwa jina la Dom Jerónimo. Wareno walimrudisha Mombasa atawale, wakidhani kwamba wamejipatia mfalme wao. Lakini makapteni wa ngome walimdharau na kumwonea. Mwezi wa Agosti mwaka ule aliingia ngomeni pamoja na watu wake, akamchoma kisu kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, na ngome ikawa mikononi mwake. Kuta zilizojengwa zishindane na mizinga hazikuweza kitu mbele ya kisu kimoja kilichopita langoni kikiwa kimefichwa. Mwaka uliofuata manowari za Goa zilikuja kumzingira, zikashindwa. Hata hivyo Yusuf aliona kwamba hataweza kukaa humo siku zote, akaondoka kwa jahazi, na Wareno wakarudi katika ngome tupu. Maandishi ya mwaka 1635 yaliyochongwa juu ya lango yamsifu kapteni Mreno aliyeitengeneza upya. Yusuf hana jiwe la kumkumbuka.

Habari ya pili ni kubwa zaidi, na ni vyema kiongozi aisimulie wageni wakiwa wameketi kivulini. Tarehe 13 Machi 1696 Waarabu wa Omani walianza kuizingira ngome. Ndani walikuwamo askari Wareno wapatao 50 au 70, pamoja na watu wa pwani zaidi ya elfu moja waliokimbilia humo. Mizinga haikuivunja ngome. Lililowamaliza watu ni tauni, iliyoingia mara tu misaada ya kwanza ilipofika kutoka Goa. Walikufa siku kwa siku, hata ilipofika Agosti 1697 hapakuwa na Mreno wa kuongoza. Hapo ngome ilishikwa na Bwana Daud wa Faza, akiwa na jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika 8, na wanawake wa Kiafrika 50.

Wanawake 50! Majina ya makapteni wote yamehifadhiwa, hata ya wale waliokaa miezi michache, bali majina ya wanawake hao hayasomwi mahali popote ukutani. Watu hao wachache walizuia jeshi zima mpaka msaada mwingine ulipokuja kutoka ng'ambo. Vita viliendelea mwaka mzima tena. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipopanda ukuta kwa mara ya mwisho walimkuta kapteni mmoja, padre mmoja na watu tisa. Siku chache baadaye merikebu za msaada zilitokea kwenye mlango wa bandari, zikaona bendera nyekundu ya Omani ikipepea, zikageuza tanga.

Mambo ya baadaye yaweza kusimuliwa kwa ufupi. Waomani na Mazrui walitawala humo, kisha Seyyid Said akaitwaa mwaka 1837. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na kwa miaka zaidi ya 60 watu waliingia langoni kwa pingu, si kwa tikiti. Mwaka 1958 James Kirkman alianza kuchimba na kuchunguza, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. Tangu 2011 ngome imo katika orodha ya UNESCO ya mahali pa urithi wa ulimwengu.

Katika nyumba ya Waomani, iliyojengwa juu ya buruji ya São Filipe, mgeni huonyeshwa vito na silaha, na hapo ndipo habari ya panga inapoanzia. Waswahili wa zamani hawakuita kila silaha ndefu upanga tu. Ulikuwako upanga wa felegi, ulionyooka na wenye makali pande mbili. Ulikuwako upanga wa imani, mfupi, wenye mpini kama msalaba. Kiko kitara, ambacho kimepinda. Na liko jambia, la kuvaliwa kiunoni. Mengi ya majina haya vijana hawayajui tena, ila jambia, kwa sababu bwana arusi wa pwani angali hulivaa pamoja na joho na kilemba.

Si watu wengi wajuao kwamba chuma cha pwani hii kilisifiwa mbali sana zamani. Al-Idrisi, aliyeandika kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, alisema kwamba watu wa Malindi na Mombasa walikuwa na machimbo ya chuma na walifanya biashara nacho. Akaeleza pia kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa Bara Hindi, ambako mafundi walikifua wakapata panga zisizo na kifani. Mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma yamekutwa Galu, kusini ya Mombasa. Baadaye mambo yaligeuka: chuma kilichotoka hapa kikawa kikirudi kimekwisha kufuliwa, na hata panga nyingi za Waomani zilipata bapa zake Ulaya, hasa Ujerumani, kisha zikatiwa mpini na ala huku.

Mfua panga wa Kijapani hayupo Mombasa, na kiongozi mwaminifu hatadai kwamba yupo. Lakini mhunzi yupo. Kutoka ngomeni mgeni apelekwe kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali, akaone kazi ikifanywa. Chuma chenyewe ni springi ya gari bovu. Mhunzi hukikata, hukitia katika makaa, msaidizi huvuta hewa hata chuma kiwe chekundu kama ua la mkrismasi, ndipo kinapowekwa juu ya fuawe na kupigwa nyundo kabla hakijapoa. Hutoka jembe, shoka, kisu, au kotama, kile kisu kilichopinda ambacho mgema wa Kigiriama hupanda nacho mnazini.

Kazi inayotaka ujuzi mkubwa kuliko zote ni kutia maji. Chuma kikiingizwa majini kabla ya wakati wake makali hupinda. Kikichelewa, hukatika kama kigae. Mhunzi hana kipimo ila rangi ya moto na macho yake. Mjapani hufanya kazi ile ile kwa namna yake: huanza na chuma kilichopatikana kwa kuyeyusha mchanga wa chuma, hukikunja na kukifua mara nyingi, kisha hupaka udongo mgongoni mwa upanga na kuacha makali na udongo mwembamba, ili yanapoingia majini makali yawe magumu, na mgongo ubaki na ulaini wa kustahimili pigo. Huko serikali humpa mfua panga kibali, na vijana hujifunza kwake miaka mitano au zaidi. Huku, mhunzi hushindana na panga za kiwandani ziuzwazo dukani kwa bei rahisi, na mwanawe hupendelea kuendesha pikipiki. Mkulima aliyewahi kununua jembe la mhunzi na jembe la duka anajua lipi lililokaa shambani muda mrefu zaidi. Lakini dukani ndiko aendako.

Alasiri, jua likianza kupoa, ndipo mtu aingie Mji wa Kale. Njia ya Ndia Kuu haimtaki mtu wa haraka. Milango ya kuchongwa, roshani za mbao, na Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa karibu na mwaka 1570, vyote vyataka kutazamwa taratibu. Nje ya nyumba nyingi kuna baraza, kiti cha saruji au mawe kilichojengwa pamoja na ukuta, na hapo wazee huketi.

Muuza kahawa hutambulikana kwa sauti kabla hajaonekana. Mkono mmoja hubeba dele la shaba lenye makaa chini yake, na mkono wa pili huliza vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa yake ni chungu, haina sukari wala maziwa, nayo imechemshwa na tangawizi. Utamu hutoka pembeni: tende, kashata, au halua ya kutafunwa baada ya kila funda. Mtu hanywi peke yake, wala hanywi akitembea. Hukaribishwa, husogezewa nafasi, huulizwa habari za atokako na za mvua ya huko, na kabla ya kikombe cha pili amekwisha kujua nani amefiwa na nani anaoza binti.

Fikiri sasa mkulima wa Meru au Kirinyaga aliyeketi pale. Mbuni ulipandwa kwanza katika Kenya huko Bura, Taita, mwaka 1893, na mapadre. Waafrika walizuiwa kuulima hata miaka ya 1930, wakaruhusiwa kwa wingi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Tangu hapo mkulima huyu, na baba yake mbele yake, amechuma kahawa, ameipeleka kiwandani kwa mzani, amelalamikia malipo, na nyumbani amekunywa chai. Kahawa nyingi ya nchi hushuka mpaka Kilindini na kupita kuelekea ng'ambo, mwendo mfupi tu kutoka baraza hii, bila mwenye shamba kuionja. Hapa, mwisho wa safari ya siku moja, pengine ndipo anapokunywa kwa mara ya kwanza kikombe cha zao lililomsomeshea watoto. Uso wake hukunjamana kwa ule uchungu. Wazee hucheka, humpa halua, na mmoja wao humwuliza ni miti mingapi anayo.

Naye huanza kuwaeleza: kupogoa, dawa ya chule, bei ya mwaka huu. Muuza kahawa huweka dele chini asikie. Adhana ya magharibi husikika, wazee huondoka mmoja mmoja kwenda msikitini, na vikombe huoshwa katika ndoo tayari kwa watakaorudi baada ya sala.