Deni Lililonifunga Mdomo



Vijana wa parokia waliomaliza vyuo wameniomba mara mbili niwaandikie neno juu ya akiba na uwekezaji. Nadhani walitaka mambo ya hisa na hati fungani. Nitayafikia, tena kwa kifupi, maana wapo wanaoyajua kuliko mimi. Lakini siwezi kuyafikia kwa uaminifu bila kwanza kuwasimulia jambo ambalo kwa muda mrefu nililisema kwa padre mwenzangu mmoja tu. Lilitokea katika parokia niliyokuwamo kabla ya kuja hapa, na mwenye kuhusika ameniridhia niliandike.

Agosti 2021 baba yangu aliugua. Alifanyiwa upasuaji, kisha yakafuata matatizo mengine, na akalazwa kwa majuma matano. Mzee hakuwa na bima. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 41, padre wa miaka kumi na mitatu, na fedha zangu zote, za benki na za kwenye simu kwa pamoja, zilikuwa shilingi 86,000.

Mtu atauliza: zilikwenda wapi? Wala sikuwa mlevi, wala sikujenga nyumba ya siri. Ni kwamba sikuwahi kuzitazama. Sisi mapadre wa jimbo hatuweki nadhiri ya ufukara kama watawa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 282, yatutaka tuishi maisha ya kadiri na kuepa anasa, basi. Seminarini nilisoma falsafa na teolojia, nikajua hoja za Aristotle juu ya riba, lakini hakuna aliyenionyesha namna ya kuandika matumizi ya mwezi. Nikayaita mazoea yangu kumtegemea Mungu. Leo nayaita uzembe uliovaa kanzu.

Katika parokia ile alikuwapo mfanyabiashara mmoja, mwumini mwema kwa kila kipimo tulichokuwa nacho. Bati za kanisa la kigango zilikuwa zake. Aliposikia habari za mzee wangu alikuja jioni, akaketi barazani, akasema, “Baba Paroko, ungeniambia mapema.” Kesho yake akanipa shilingi 2,400,000. Hakuandika karatasi wala hakutaja riba. Alisema nitarudisha nitakapoweza.

Baba alipona, yuko hai hadi leo, na sitaacha kumshukuru mtu yule. Mjue hilo kabla sijaendelea.

Kwa wasiotoka Kagera, nieleze kidogo habari ya butura. Butura ni kuuza kahawa ikingali ua au punje changa mtini. Mwenye fedha hupita vibanjani wakati wa shida, hutazama mibuni, hukadiria magunia, na kulipa sehemu ndogo ya bei itakayokuwapo wakati wa mavuno. Kisha hungoja. Robusta huchukua takriban miezi kumi tangu kuchanua hadi kuiva. Mavuno yakifika, maganda huingia ghalani mwake, na bei nzuri ya msimu humkuta yeye. Mkulima aliyepalilia, akachuma na kuanika, hana tena neno juu ya kahawa yake. Viongozi wa Serikali wameikataza biashara hiyo mara nyingi, na bado ipo, kwa sababu shida ya Januari haingoji mavuno.

Mfadhili wangu alikuwa mnunuzi mkubwa wa butura katika vijiji vitatu.

Februari 2022 alinijia mama mmoja mjane. Binti yake alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na ada ilipokosekana mama alimwuzia bwana yule gunia kumi na mbili, mavuno ya misimu miwili, kwa shilingi 420,000. Ni shilingi 35,000 kwa gunia. Chama cha msingi kilikuja kulipa zaidi ya maradufu ya kiasi hicho katika msimu ule ule. Mama hakuja kulaumu. Alisema, “Padre, wewe anakusikiliza. Mwombe aniachie msimu wa pili, nami nitamrudishia fedha yake kidogo kidogo.”

Nikamjibu, “Tuombe, mama.”

Nilijua nilichokuwa nakifanya. Bwana yule hakuwahi kunidai hata siku moja, na huko kutonidai ndiko kulikonifunga. Kila nilipomwona kanisani nilikumbuka zile 2,400,000. Nilihubiri juu ya unyonyaji kwa maneno mapana, ya mbali, yasiyomgusa mtu wa kijiji chochote. Mama alirudi mara mbili nyingine, kisha akaacha kuja.

Tangu siku hizo, nisikiapo maneno “uhuru wa kifedha” sifikirii kwanza gari wala ghorofa. Nafikiria ulimi.

Kwa aibu hiyo nilinunua kaunta buku, na kuanzia Machi hadi Mei mwaka ule niliandika kila shilingi, ya kuingia na ya kutoka. Kazi hii yaonekana ya kitoto, jaribuni. Katika miezi mitatu zilipita mkononi mwangu shilingi 1,140,000, posho na nia za Misa na zawadi za watu. Vocha na bando vilikula 96,000. Makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu yalikula 41,500, kwa sababu nilikuwa nikitoa elfu kumi kumi, mara kadhaa kwa juma, nikijidanganya kwamba natumia kidogo. Na michango! Harusi, kipaimara, jubilei, vikao vya kuandaa vikao: shilingi 318,000.

Sisemi mtu aache kuchangia. Asiyemchangia mwenziwe leo, kesho atajizika mwenyewe. Ila kadi nyingi nilizipokea kwa sababu niliona haya kumwambia mtu kwamba sina, na haya ile niliigharimia kwa fedha ambazo hazikuwa za harusi. Nikajiwekea kiwango cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Zikiisha, mwenye harusi aliyefuata alipata baraka yangu bila bahasha. Wawili walininunia. Wengine wote, nilivyoona, hawakugundua kitu.

Jambo jingine nililojifunza ni utaratibu. Zamani niliweka akiba ya kilichobaki, na kwa kawaida hakikubaki kitu. Sasa niligeuza: fedha ikifika, sehemu ya deni inatoka siku ile ile, kabla ya vocha, kabla ya mafuta ya pikipiki, kabla ya mgeni. Shilingi 120,000 kwa mwezi, karibu theluthi ya pato langu. Kulikuwa na miezi niliyolala na chai na ndizi. Kuanzia Juni 2022 hadi Januari 2024, miezi ishirini, nilimaliza.

Sasa niwape vijana haki yao.

Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Kifransisko, Luca Pacioli, alichapisha huko Venice kitabu kikubwa cha hesabu. Wahasibu humkumbuka kwa kueleza namna ya kuandika vitabu vya mapato na matumizi, lakini ndani yake mna pia kanuni fupi: gawa 72 kwa riba ya mwaka, utapata idadi ya miaka ambayo fedha itachukua kuwa maradufu. Kwa asilimia 12, ni miaka sita. Kanuni hiyo hiyo igeuzeni muitazame mikopo mnayoiita kausha damu. Anayetozwa asilimia 20 kwa mwezi, riba ikiongezwa juu ya riba, deni lake huwa maradufu kabla ya mwezi wa nne kwisha. Tofauti ya tajiri na maskini katika hesabu hii mara nyingi ni upande aliosimama.

Nilipomaliza deni sikuacha zile 120,000. Mkono ulikuwa umekwisha kuzoea. Tuchukulie mtu anaziweka kila mwezi kwa miaka mitano mahali panapompa asilimia moja kwa mwezi. Ametoa shilingi 7,200,000. Anakuta takriban 9,800,000. Si maajabu, wala si kila mahali panatoa kiasi hicho, na mfumuko wa bei nao unakula sehemu yake. Mwenye umri kama wangu atakumbuka Desemba 2011, ulipokaribia asilimia 20 kwa mwaka. Fedha ya chini ya godoro ilipungua ikiwa imelala. Ndiyo maana haitoshi kuficha.

Mahali pa kuziweka papo. Vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja vipo tangu mwaka 2005, Mfuko wa Umoja ulipoanzishwa, na mtu huanza na kiasi kidogo. Hati fungani za Serikali huuzwa kwa mnada na Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja, na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Hisa hununuliwa kwa dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Zaweza kupanda, zaweza kushuka, na asiyeweza kuziacha miaka mitano asizinunue. Mimi nimeanza na vipande, kwa sababu navielewa na naweza kuviuza mzee akiugua tena.

Ila atakayewaahidi fedha maradufu baada ya majuma machache, mkimbieni, hata akija na Biblia. Mwaka 2009 Serikali iliifunga DECI, iliyowafundisha watu kuziita fedha zao mbegu, za kupandwa na kuvunwa. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Ninayo hasira ya pekee juu ya jambo lile, kwa kuwa lugha iliyotumika ni ya kwetu sisi tunaohubiri.

Vijana wameniletea pia hesabu ya Wamarekani. Mwaka 1994 mshauri wa fedha William Bengen alipima historia ya masoko ya nchi yake, akaona kwamba mstaafu akitumia takriban asilimia nne ya mali yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kwa kadiri ya mfumuko wa bei, mali hiyo yaweza kumtosha miaka thelathini. Kutokana na hapo watu husema: limbikiza matumizi ya mwaka mara 25, uwe huru. Hesabu ni nzuri kwa waliko. Mkulima wa kahawa akiisikia atacheka, na ana haki ya kucheka. Hata hivyo yeye naye ana hesabu yake ya uhuru, na ni ndogo zaidi: miezi kumi, kutoka ua hadi ganda. Mwenye akiba ya kuivuka miezi hiyo hauzi ua. Atabaki mwenye nyumba ya udongo na baiskeli kuukuu, lakini bwana wa butura akipita kibanjani ataaga na kwenda zake.

Hili tulilizungumza katika vikoba vya jumuiya ndogo ndogo za parokia ile. Vikoba, kama mnavyojua, ni mtindo uliotoka mbali: shirika la CARE lilianza na vikundi vya akina mama wa Niger mwaka 1991, na sanduku lenye kufuli tatu likasambaa Afrika. Vyetu vilikuwa vizuri, ila vyote vilivunjwa na kugawana juma la mwisho kabla ya Noeli. Fedha ya mwaka mzima iliishia katika nyama, nguo mpya na bia. Januari, wakati wa sare na ada, watu wale wale waliuza ua. Mzee mmoja katekista ndiye aliyeliona, si mimi. Alisema tugawane Januari, juma la pili. Kulikuwa na ubishi wa miezi miwili. Jumuiya nne zilikubali, nyingine zilikataa, na mwenyekiti mmoja aliniambia wazi kwamba Noeli bila nyama si Noeli.

Nirudi kwa bwana yule. Siku nilipompelekea zile 120,000 za mwisho, Januari 2024, tulihesabu pamoja, akafunga daftari lake, nikamwambia yote: juu ya mama, juu ya butura, juu ya hofu yangu. Nilidhani atakasirika. Alikaa kimya, kisha akauliza, “Baba Paroko, mbona hukusema siku zile? Ungesema, ningemwachia.”

Sijui kama angemwachia. Nilichojua ni kwamba msimu wa 2022 ulikuwa umekwisha kuvunwa, na wa 2023 pia.

Mwezi uliopita nilipita huko kwa mazishi, nikaenda kumwona mama. Binti yake ameajiriwa zahanati moja ya mbali na humtumia kitu. Mama yumo katika kikoba kinachovunjwa Januari. Alinitembeza kibanjani, akanionyesha mibuni michache mipya aliyopanda penye migomba iliyokufa, akaniambia kahawa yake haijauzwa kwa mtu. Kisha akauliza kama nitakunywa chai. Nikaketi. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya bei, juu ya marehemu tuliyemzika. Juu ya zile siku tatu alizokuja ofisini kwangu hakusema neno, na mimi, nikiwa sidaiwi na mtu, nilichukua muda mrefu kabla ya kuanza kumwomba radhi.