London Hadi Paris: Safari Fupi Yenye Hesabu Ndefu

Mtu akitazama ramani ya Ulaya ataona kwamba London, mji mkuu wa Uingereza, na Paris, mji mkuu wa Ufaransa, ni miji jirani. Kwa njia ya angani iliyonyoka, umbali wake ni kilomita 344 hivi, nao haufikii ule wa kutoka Nairobi hadi Mombasa. Lakini katikati pana bahari. Ingawa ni nyembamba, bahari hiyo ilikuwa boma la Waingereza kwa karne nyingi. Napoleon alikusanya majeshi yake pwani ya Boulogne tangu mwaka 1803, wala hakuvuka.

Aliyelivuka boma hilo kwa ndege mara ya kwanza ni Mfaransa Louis Blériot. Tarehe 25 Julai 1909 aliruka kutoka karibu na Calais, bila dira, na kwa muda hakuiona nchi kavu mbele wala nyuma. Baada ya dakika 37 hivi alitua Dover. Miaka kumi baadaye, tarehe 25 Agosti 1919, safari za kila siku kati ya London na Paris zilianza. Ndege ya kwanza ilichukua abiria mmoja tu, ikatumia saa 2 na nusu, na nauli ilikuwa pauni 21.

Siku hizi ratiba huonyesha saa 1 na robo hivi, na sehemu ya muda huo ndege huwa bado inatembea uwanjani. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Tuseme mfanyabiashara ameahidi kuonana na mwenziwe Paris saa sita mchana, naye akapanda ndege iondokayo London saa nne asubuhi. Moyoni anaona kwamba muda unamtosha. Maskini! Saa za Paris hutangulia zile za London kwa saa moja. Atakapotua itakuwa saa sita na robo, na bado hajaonyesha pasi yake.

Wala hayo si yote. Kiwanja cha Heathrow kiko kilomita 23 hivi kutoka katikati ya London, na kile cha Charles de Gaulle kiko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya Paris. Msafiri hutakiwa kufika kiwanjani mapema ili akaguliwe yeye na mizigo yake. Akijumlisha yote, ile saa moja na robo huwa saa nne au zaidi.

Kwa sababu hiyo wengi hupenda treni ipitayo chini ya bahari, katika njia iliyofunguliwa mwaka 1994 yenye urefu wa kilomita 50. Treni iendayo kasi zaidi huchukua saa 2 na dakika 16 hivi. Abiria wake hukaguliwa pia, lakini hupandia ndani ya London na kushukia ndani ya Paris.

Basi atakaye kujua urefu wa safari asiulize ndege hukaa angani muda gani. Na aanze kuhesabu anapofunga mlango wa nyumba yake, asiache mpaka abishe hodi kwa mwenyeji wake.