Fundi wa Uvunguni

Huku Nyamisati anaitwa Fundi tu, na kwa kuwa ndiye anayeandika haya, ameona ajiite hivyo hivyo. Jina la kwenye kitambulisho hulisikia akiwa benki. Alianza kushika spana Temeke akiwa kijana wa kutumwa maji ya betri na sigara za wakubwa. Baadaye akafuata magari ya samaki mpaka yanakogeuzia, ukingoni mwa delta ya Rufiji, pale barabara ya kilomita zipatazo 40 kutoka Bungu inapoishia kwenye mikoko. Mjini alikuwa fundi injini. Nyamisati ilimlaza chali.

Chanzo ni chumvi. Maji ya bahari ya kawaida yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, na magari ya huku huyapata kwa njia nyingi. Pikapu za kamba hurudi kinyumenyume hadi karibu na maji. Barafu ikiyeyuka, maji yake hushuka pamoja na ya samaki kutoka kwenye masanduku, yanapita kwenye mianya ya bodi na kudondokea chesesi, njia nzima hadi Soko la Feri, Dar es Salaam. Maji hukauka, chumvi hubaki. Ikibaki, huvuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana chuma cha Nyamisati kinatoa jasho hata kiangazi. Unyevu huo wenye chumvi hupitisha umeme mdogo kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine, na kutu hukimbia. Masika yakija, tope la barabarani hujaa kwenye kona za chesesi na kuutunza unyevu huo wiki nzima.

Kuosha nako kuna mtihani wake. Maji ya visima vingi vya karibu na delta ukiyaonja yana chumvichumvi, na kuoshea gari maji hayo ni kazi bure. Fundi huwaambia madereva waoshe Bungu, au wasubiri mvua.

Kinga iliyozoeleka ilikuwa oili chafu. Kijana alipewa kopo na brashi, akapaka chini kote, gari likang'aa siku mbili. Fundi aliacha kuipaka mapema. Oili hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira, hukusanya vumbi likawa kama uji mgumu, na mvua ya kwanza inaipeleka kwenye vijito wanakokulia kamba wale wale wanaolipia matengenezo. Lami ya kupaka ni afadhali, ila kwa sharti moja: chuma kiwe kikavu na kisafi. Ikipakwa juu ya kutu, hupasuka nyufa nyembamba, maji yakaingia yasitoke, na chuma kikaendelea kuoza gizani.

Hapo ndipo wakaguzi wanapoingia. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka gari liwe zima ndipo liende barabarani, na magari ya biashara yana leseni zake, zamani SUMATRA, tangu 2019 LATRA. Kwa hiyo kila msimu wa ukaguzi alitokea tajiri wa gari aliyetaka lami ipakwe leo, gari likaguliwe kesho.

Kanta moja ya samaki ilifikishwa kwa mkaguzi ikiwa nyeusi chini kama sufuria ya shughuli. Fundi alikuwa ameipanda kwa sababu breki alizifunga yeye. Lami ilipakwa kwingine. Mkaguzi, mtu mzima aliyevaa sare nyeupe, aliinama na tochi ya simu.

"Dereva, hii lami imepakwa lini?"

"Juzi, afande."

"Na kwa nini imepakwa juzi?"

Dereva akacheka bila jibu. Mkaguzi akaomba bisibisi, akaigeuza, akaanza kugonga kwa mpini. Mbele chesesi ililia ngaa, ngaa. Nyuma, mahali springi zinaposhikia, ikajibu pu. Akabonyeza kwa kidole gumba, lami ikabonyea, na magamba mekundu yakamwagika kwenye kiatu chake. Gari likarudishwa likachomelewe. Wakati wa kuondoka alimwambia Fundi, kwa upole tu, kwamba yeye hachukii lami. Anachukia lami ambayo bado inanuka.

Waingereza wameyaandika mambo hayo hayo kwenye mwongozo wa ukaguzi wao wa kila mwaka, MOT. Mkaguzi huruhusiwa kubonyeza kwa kidole na kugonga taratibu, lakini si kukwangua kwa nguvu. Macho yake huwa zaidi kwenye sentimita 30 kuzunguka mahali springi, stelingi, breki na mikanda zinaposhikia, na kiraka cha hapo lazima kichomelewe pande zote. Hata kiwandani mambo hukosewa: mwaka 2016 Toyota ilikubali huko Marekani kumaliza kesi ya chesesi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, magari yapatayo milioni 1.5, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Chesesi ya boksi hukusanya maji ndani, na lami ya nje haifiki huko.

Siku hizi Fundi huanza na brashi ya waya, kisha huzibua matundu ya kutolea maji, kazi ambayo hakuna tajiri anayependa kuilipia. Gari hulala kavu usiku mmoja. Praima ya zinki hufuata, na ndani ya boksi hupuliza nta nyepesi kupitia matundu yale yale. Lami huja mwisho, nayo huishia matairi yanakorushia mawe. Kwenye vishikizo vya springi na paipu za breki hupaka nta isiyo na rangi, chuma kionekane, mkaguzi aone mwenyewe bila kuuliza tarehe.

Tajiri mmoja mwenye gari la kuvuka kwenda Mafia kwa MV Kilindoni bado anadai apunguziwe bei. Anasema amelipia kazi ya siku tatu na gari limerudi chini likiwa na rangi ile ile ya chuma.