Miteremko ya Usambara na Magari Yetu ya Mbao

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lushoto hupita Chalinze, Segera na Korogwe, kisha huiacha barabara kuu hapo Mombo, kwenye joto la nyika na mashamba ya mkonge. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Lushoto umekaa kwenye mita zipatazo 1,400. Kimo hicho chote gari hukipanda katika barabara ya kilomita 33 hivi, likikata kona baada ya kona, na katikati ya safari hupita Soni, penye maporomoko ya maji. Wajerumani, walioifikisha reli ya Tanga hapo Mombo mwaka 1905, waliupenda ubaridi wa huko juu, na mji wenyewe wakauita Wilhelmstal. Sisi tuliokulia milimani hatukuona ajabu yoyote katika baridi. Kwetu Usambara ilikuwa na neema moja iliyozipita nyingine zote, nayo ni kwamba ilikuwa nchi ya miteremko.

Mvulana wa pwani hujifunza ngalawa, wa Tabora hujifunza baiskeli. Mvulana wa Usambara wa miaka ya 1970 alijifunza gari la mbao. Tulilitengeneza wenyewe. Ubao mmoja mrefu ulikuwa mgongo wa gari. Nyuma tulipigilia mti wa kushikia magurudumu, usiocheza. Mbele tuliweka mti mwingine, uliofungwa kwa bolti moja katikati ili uweze kugeuka, na kamba mbili za katani ndizo zilizokuwa usukani. Wenzetu waliokaa penye lami walitumia beringi zilizochakaa za malori, zikalia kama nzige. Beringi hizo zilizama katika udongo mwekundu wa kwetu, kwa hiyo sisi tulichonga magurudumu ya mti, tukayavika ukanda wa tairi kuukuu na kuyapaka mafuta machafu ya injini tuliyoyaomba gereji. Breki ilikuwa kipande cha tairi kilichokandamizwa kwa kisigino.

Hamu ya kushindana ilitujia kwa njia ya redio. Kila Pasaka yalifanyika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya, aliyekwisha kushinda mwaka 1965, alishinda tena akiwa na Mitsubishi Lancer, gari dogo lililoyaacha nyuma magari yenye nguvu kuliko lenyewe. Habari hiyo ilituingia moyoni. Wiki iliyofuata kila kijiji kilikuwa na Joginder wake.

Ndipo tulipoanza kushindana kijiji kwa kijiji, Jumapili alasiri, katika mteremko wenye kona tatu unaoishia kwenye daraja la magogo. Magari mawili yaliondoka pamoja, na lililotangulia darajani lilikuwa mshindi. Tuzo ilikuwa muwa, au heshima peke yake. Siku moja bolti ya mvulana wa kijiji cha chini ilichomoka, akaanguka na kuvunjika mkono. Wazee walikutana, mchezo ukapigwa marufuku. Baada ya miezi miwili, mzee mmoja fundi seremala alisimama barazani akasema: “Wanangu hawa tukiwazuia hapa tunapowaona, watakwenda kucheza tusipowaona.” Pakawekwa masharti. Kila bolti ikaguliwe na mzee huyo, na katika kila kona asimame mtoto mwenye kitambaa chekundu wa kutoa habari za malori ya kabichi na viazi. Kwa kadiri tukumbukavyo, hakuna aliyevunjika tena.

Mwaka huo huo wa 1974 tulifanya mtihani wa darasa la saba. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na katika darasa letu zima tulichaguliwa watatu. Mwenzetu aliyekuwa hodari kuliko sote wa kutengeneza magari hakuwamo. Hesabu alizijua vizuri. Ni insha zilizomshinda. Mwezi Januari sisi tulipanda basi tukiwa na masanduku ya bati, naye akabaki kijijini kujifunza useremala kwa yule mzee. Hakutulaumu wala hakulia mbele yetu. Alitusaidia kupandisha masanduku, akarudi zake.

Tulirudi likizo ya Desemba 1977 tukiwa tumesoma fizikia. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kitu kikishuka mita 10 za wima pasipo msuguano hupata mwendo wa mita 14 kwa sekunde, yaani kama kilomita 50 kwa saa, kiwe kizito au chepesi. Tulijua pia kwamba upepo huzuia gari jepesi kuliko zito. Basi tukaunda gari jembamba la kupenya upepo, tukafunga mawe chini ya kiti, tukasafisha ekseli mpaka magurudumu yakazunguka muda mrefu kwa msukumo wa kidole kimoja. Karatasi ya hesabu tulikuwa nayo mfukoni. Mwenzetu alikuja na gari pana, la chini sana, ambalo makalio yake yalikaribia kugusa udongo. Watoto walicheka.

Katika sehemu iliyonyooka tulimwacha kwa urefu wa magari matatu. Hesabu zetu hazikuwa na dosari. Lakini barabara ilikuwa na kona, na katika kona ya kwanza gari letu liliinua gurudumu la ndani, ikabidi tukanyage breki. Yeye hakukanyaga. Katika kona ya pili alikuwa ubavuni mwetu, na katika ya tatu tuliona mgongo wake. Alifika darajani, akashuka, akaketi juu ya gogo kutungoja. Tulipofika alituuliza kwa upole: “Huko shuleni mmefundishwa kona?”

Miaka mingi baadaye, tukiwa ng'ambo, tuliyaona kwa karibu yale magari madogo ya mashindano yaitwayo gokati, ambayo watoto wetu huyaendesha siku za kuzaliwa kwao. La kwanza liliundwa California mwaka 1956 na Art Ingels, kwa mabomba ya chuma na injini ya mashine ya kukatia majani. Lewis Hamilton aliyaanza mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 8, na baba yake alifanya kazi zaidi ya moja ili kumgharimia. Tuliinama kulitazama gari hilo, nasi tukanyamaza. Halina springi. Ni pana kwa kulinganisha na urefu wake, na dereva huketi kiasi cha kukaribia kugusa ardhi, kwa sababu uzito ukiwa chini na magurudumu yakiwa mbalimbali gari haliinuki katika kona. Alichokijua mhandisi wa California, kijana wa Usambara alikwisha kukigundua kwa randa na msumeno, pasipo kitabu.

Mwaka 2018 tulipanda tena barabara ile ya Mombo. Bodaboda zimejaa, na pale Soni wachuuzi huwakimbilia abiria na matunda kama zamani. Mwenzetu tulimkuta katika karakana yake, mvi tele, akiranda mbao za mlango. Yule mzee aliyemfundisha alikuwa amekwisha kufariki, na karakana ilikuwa na vijana wanne wanaojifunza kwake. Alitukaribisha chai, akatuita “mwalimu” kwa heshima ambayo hatukujua kama tunaistahili. Tulipokuwa tukiaga alisema: “Mwalimu, mti wenu wa mbele mngeupanua kwa shubiri mbili tu, siku ile mngenishinda. Nilitaka kuwaambia, lakini mlikuwa mnarudi shule.” Kwa miaka 41 alikuwa ameyahifadhi masahihisho ya kazi yetu.

Ndugu wasomaji, tumeyaandika haya kwa sababu katika mikutano yetu ya wazazi huku ugenini tunasikia swali moja tu, yaani mtoto amepata alama gani. Ni swali la haki. Sisi tumekula mkate wa mitihani maisha yetu yote na hatuwezi kuitukana. Lakini mtihani wa mwaka 1974 ulitupima insha, haukupima kona, na mtu mmoja mwenye akili ya kihandisi alibaki nje ya mlango. Yeye aliyajenga maisha yake kwa heshima. Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba taifa halikupoteza kitu.

Kwa hiyo, mtakapowapeleka watoto nyumbani likizo, msiishie kwa mashangazi wa Dar es Salaam na fukwe za Tanga. Wapandisheni Lushoto. Wavalisheni sweta, hasa mwezi wa Juni na Julai. Waacheni wakae na mafundi siku mbili tatu, washike randa, waombe mbao chakavu na misumari. Na yule mtoto ambaye ripoti yake ya shule huwa mnaikunja haraka kabla wageni hawajaiona, huyo ndiye mmtangulize kuingia karakanani.