Wanaokesha Kando ya Mto

Mashindano ya mitumbwi kutoka Devizes mpaka Westminster, Uingereza, ambayo chanzo chake ni mwaka 1948, hufanywa wakati wa Pasaka. Safari ni maili 125, kwanza kwa mfereji, kisha kwa mto Thames; na mara 77 mtumbwi hutolewa majini ukabebwa. Wapiga kafi wawili wawili hwenda usiku kucha bila kulala.

Hao husifiwa sana. Mimi napenda kutaja wasaidizi wao, waendao kwa motokaa, wakitafuta vijia gizani kwa ramani, ili wafike darajani kabla ya mtumbwi. Huchukua taa, uji wa moto na nguo kavu. Mtumbwi ufikapo hapana nafasi ya maongezi: mtu hulishwa kwa kijiko huku anakwenda, na mtumbwi begani. Msaidizi akipotea njia, wenzake watafika na baridi na njaa wasikute mtu.

Tena kuna hesabu ya maji. Kuanzia Teddington mto hujaa na kupwa kama bahari, na zimebaki maili 17. Asiyewahi maji ya kupwa hukuta mkondo unamjia usoni. (Watu wa Lamu watafahamu upesi kuliko mimi, mtu wa bara.) Basi saa tisa za usiku msaidizi humwona ndugu yake anatetemeka: je, amwache aote joto, maji yampite, au amhimize arudi majini? Hapana wa kumwamulia.

Asubuhi huwangojea Westminster, ngazini, blanketi mkononi, macho mekundu kama yao.