Mizani saba

Nilikuwa kidato cha pili, Bunda, mwalimu wa Kiswahili alipotuambia tutunge shairi kuhusu siku ambayo hatutaisahau. Sikuwaza mara mbili. Mtoto wa Musoma aandike nini zaidi ya mazishi ya Mwalimu Nyerere? Tena Mwalimu mwenyewe alikuwa mshairi: alimtafsiri Shakespeare, akatunga tenzi za Biblia. Mtu kama huyo humlilii kwa maneno ya sokoni. Nikaandika:

Taifa limepoteza, nyota yake ya uhuru,
Tumebaki kwenye giza, nani atatupa nuru?

Daftari likarudi na wino mwekundu pembeni: "Vina sawa. Mizani sawa. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Mwigobero, kwetu Musoma, nina miaka saba. Alhamisi ile, tarehe 14 Oktoba 1999, bibi alikuwa akigeuza dagaa mchangani, mimi nafukuza kunguru. Betri za redio zilikuwa zimechoka, tumezianika palepale juani, kwa hiyo habari tuliletewa na jirani: Rais Mkapa ametangaza, Mwalimu amefia London. Bibi, Mzanaki wa Butiama, hakutaja taifa. Alimtaja kwa jina la mama yake, "Mtoto wa Mugaya," basi, akarudi kugeuza dagaa, hata wale aliokwisha kuwageuza.

Jumamosi ya tarehe 23 tukapanda lori kwenda Butiama. Watu huniuliza niliona nini. Niliona migongo. Migongo ya khanga, ya makoti ya mtumba, na kwa mbali vijana wamekaa juu ya mawe. Magari yakapita, vumbi likatimka, bibi akanifunika uso kwa viganja vyote viwili. Vilikuwa vikavu, vinakwaruza kama gunia. Nikavuta pumzi: dagaa. Alfajiri nilimsikia akijisugua kwa sabuni ya mche, lakini dagaa hatoki kwa sabuni. Alipoondoa mikono, watu mbele yetu walikuwa wanalia na kitu chenyewe kilikuwa kimeshapita. Huenda lilikuwa jeneza. Mpaka leo sijui, na bibi sikumuuliza.

Usiku tuliporudi Musoma mwezi ulikuwa unakaribia kupevuka. Dagaa huvuliwa gizani, kwa hiyo ziwani hapakuwa na karabai hata moja.

Shairi la pili nililianza wiki ileile ya wino mwekundu, na bado ninalo:

Mikono yake ya bibi, ilinuka dagaa

Hesabu. Kipande cha kwanza nane, cha pili saba. Mwenzangu wa dawati alinipa dawa papo hapo: andika "ilinukia", mizani itatimia. Ingetimia kweli. Lakini kinachonukia ni asumini, ni pilau ya Idi. Ile mikono ilinuka.